Sungura Anaharisha? Tazama Kinyesi Kwanza

"Dada, sungura wangu anaharisha, nimpe dawa gani?"

Ujumbe wa namna hii unanifikia mara kwa mara tangu watu wajue kwamba nafuga, na karibu kila mara unakuja na picha. Bonge jeusi, laini, linalong'aa, limekanyagwa sakafuni au limegandia manyoya ya makalioni. Kabla sijajibu, mwenye sungura keshapita duka la dawa na kurudi na vidonge. Nikiikuza picha na kuitazama vizuri, mara nyingi naona kwamba huo wala si uharo. Ni chakula ambacho sungura hakukila.

Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Asiyelijua hilo atatibu ugonjwa ambao haupo, na ule uliopo utampita.

Aina ya kwanza ni zile punje tulizozizoea: za duara, kavu, kahawia au rangi ya majani makavu, kipenyo cha milimita 8 hadi 12 kwa sungura mkubwa. Mzima mwenye afya hutoa punje 200 hadi 300 kwa siku. Ibinye moja kati ya vidole vyako: itavunjika kirahisi, ndani utaona vipande vya majani yaliyosagika, na haitakuwa na harufu ya kukusumbua. Wenye bustani wanazipenda kwa sababu unaweza kuzimwaga kwenye tuta la mchicha siku hiyo hiyo, bila kusubiri zioze, na miche isiungue.

Aina ya pili wafugaji wengi hawajawahi kuiona, na kutoiona ni dalili njema. Ni punje ndogo laini zilizoshikana kwenye shada, nyeusi au kijani iliyokolea, zimefunikwa na ute unaong'aa, na harufu yake ni kali. Wataalamu wanaiita sekotropi. Hapa nitasema kinyesi laini. Sungura haiokoti chini. Anajikunja, anaingiza kichwa katikati ya miguu ya nyuma, anaipokea inapotoka tu na kuimeza bila kutafuna. Ukiwa mbali utadhani anajilamba. Anafanya hivyo akiwa ametulia, saa kadhaa baada ya kula. Mwituni, kule Hispania na Ureno ambako ndiko asili ya huyu sungura tunayemfuga, majani huliwa jioni na usiku, na kinyesi laini humaliziwa mchana ndani ya shimo.

Najua wapo wanaokunja uso wakifika hapa. Lakini nivumilieni nieleze mtambo wenyewe, maana karibu kila tatizo nitakalolitaja baadaye linatokea ndani yake.

Majani hayatoi lishe yake kirahisi. Ng'ombe na mbuzi wanayachachusha kwanza kwenye matumbo ya mbele, wanacheua, ndipo yanaendelea na safari. Sungura ana tumbo moja dogo, na kiwanda chake cha kuchachushia kipo nyuma kabisa, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Ni mfuko mkubwa uliojizungusha uitwao sekamu. Unabeba takribani asilimia 40 ya kila kitu kilichomo kwenye njia ya chakula, na uwezo wake ni kama mara kumi ya tumbo lenyewe. Humo wanaishi bakteria wanaotengeneza protini, vitamini za kundi B na vitamini K. Sasa shida: sehemu inayofyonza virutubisho vingi ni utumbo mwembamba, nao umeshapitwa. Hakuna njia ya kurudi isipokuwa kuanzia tena mdomoni. Kile kinyesi laini kina protini inayokaribia maradufu ya ile ya punje ngumu, na ule ute wake unakikinga dhidi ya asidi ya tumbo kwa saa kadhaa, ili bakteria waendelee na kazi yao humo humo.

Ni nini kinachoamua kipi kiende wapi? Mwanzoni mwa utumbo mpana chakula kinachambuliwa. Vipande vikubwa vya nyuzinyuzi visivyomeng'enyeka vinasukumwa mbele haraka na kuwa punje ngumu. Chembe ndogo na majimaji vinarudishwa nyuma hadi kwenye sekamu vikachachuke. Mbele kidogo kuna kipande kifupi chenye msuli na neva nyingi, fususi koli, ambacho hukipati kwa mnyama mwingine nje ya jamii ya sungura. Hicho ndicho trafiki wa barabara nzima: kwa muda kinapitisha punje ngumu tu, kisha kinazisimamisha na kukipa nafasi kinyesi laini kipite bila kukamuliwa maji. Na trafiki huyu ana woga. Mbwa akibweka usiku kucha, sungura akisafirishwa kwenye boksi juu ya bodaboda, akiumwa jino, homoni za hofu na maumivu zinafika hapo na mpangilio unavurugika.

Tazama kilichojificha katika maelezo hayo. Zile nyuzinyuzi ngumu hazimshibishi sungura kwa maana tuliyoizoea, bali kazi yake kubwa ni kuusukuma mtambo. Zikipungua, hata kama sungura anakula vizuri na kunenepa, utumbo unaanza kulegea.

Mwaka 1882 daktari wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Morot alieleza kitaalamu jambo hili la sungura kula kinyesi chake. Watu wa kale walikuwa wameshahisi kitu: Mambo ya Walawi 11:6 inamhesabu sungura kati ya wanyama wanaocheua. Hacheui kwa namna ya ng'ombe, lakini kwamba chakula chake kinapita mdomoni mara mbili, hilo ni kweli tupu.

Turudi kwenye ile picha ya WhatsApp. Bonge laini limekutwa sakafuni. Swali langu la kwanza huwa: punje ngumu zipo? Kama zipo, nyingi na za kawaida, huku kinyesi laini kikionekana pembeni yake, huyo haharishi. Ameacha kula kinyesi chake laini, na kuna sababu. Uharo wa kweli hauachi punje. Unatoka maji au rojo, unalowesha mapaja, na mnyama mwenyewe ananyong'onyea. Nikishapata jibu la swali hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Swali la pili huwa la chakula, na majibu ya hapa Dar nimeshayakariri. Pumba. Mahindi. Ukoko wa wali. Kiporo cha ugali. Mkate. Karoti kila siku, kwa sababu kwenye katuni sungura anakula karoti. Na mara nyingine chakula cha kuku, "kwa vile kina vitamini." Vyote hivyo vina wanga au sukari nyingi na nyuzinyuzi kidogo. Kinyesi laini kinazalishwa kwa wingi kupita anachokihitaji, kinakuwa kama gundi, sungura anashiba na kukiacha. Kuhusu chakula cha kuku niseme kwa mkazo: baadhi ya vyakula hivyo vinachanganywa kiwandani na dawa za kuzuia koksidia (vimelea nitakaowaeleza baadaye) kama salinomaisini na narasini, ambazo kuku anazihimili lakini sungura zinaweza kumuua. Mfuko usiokueleza kilichomo usiusogeze kwenye banda lake.

Kinachotakiwa ni cha bei nafuu kuliko hivyo vyote. Nyasi. Sehemu nane kati ya kumi za mlo wake ziwe nyasi, na awe nazo mbele yake usiku na mchana. Ukoka unaota kando ya kila barabara ya mtaa (chuma mbali na mitaro na mahali wanapopulizia dawa). Nyasi kavu za Rhodes zinauzwa kwa marobota na wanaowahudumia wenye ng'ombe wa maziwa, na robota moja kwa sungura wawili linakaa muda mrefu ajabu. Mabingobingo yanafaa pia. Majani mabichi kama kishona nguo, matembele na mchicha ni kitoweo, yasiwe mlo. Kama unanunua chakula cha vidonge, gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku zinatosha. Majani ya mparachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake. Kisamvu nacho kiache kwenye nazi.

Badilisha mlo polepole, ndani ya wiki moja hadi mbili. Bakteria wa sekamu wamezoea walichokuwa wakiletewa, na ukiwabadilishia ghafla, hata kwa nia njema, waovu wanachukua nafasi ya wema.

Lakini si kila anayeacha kinyesi laini ni wa pumba. Sungura mnene hafikii makalio yake, tumbo limemzuia. Mzee mwenye maumivu ya mgongo hawezi kujikunja. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji akavishwa kola shingoni hawezi kupitisha kichwa. Na mwenye meno mabovu anakwepa nyasi ngumu, anachagua laini, halafu tunarudi pale pale. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote. Ya mbele yanakua milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kinachoyasaga ni hizo hizo nyasi. Ukiona kidevu kimelowa mate na vipande vya majani vimeangushwa vikiwa vimetafunwa nusu, shida iko mdomoni hata kama uchafu uko nyuma.

Na ule uchafu wa nyuma usiuache. Katika joto la pwani nzi wa kijani wanataga kwenye manyoya yaliyolowa kinyesi, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya saa 24. Mabuu hao wanakula nyama ya sungura aliye hai. Osha sehemu hiyo kwa maji ya uvuguvugu, kausha, punguza manyoya kwa mkasi, na umtazame hapo asubuhi na jioni mpaka pakae sawa. Usimtumbukize mwili mzima kwenye beseni. Mshtuko wake peke yake unaweza kuusimamisha utumbo.

Sasa tuzungumzie uharo wa kweli. Kwa sungura mkubwa ni nadra, na ukitokea ni dharura ya saa hiyo hiyo. Kwa watoto ndiyo habari nyingine. Wakati mbaya zaidi ni wanapoachishwa kunyonya, kati ya wiki ya nne na ya nane. Tumbo la sungura mkubwa lina asidi kali mno inayoua vijidudu vingi. La mtoto bado halijafika huko, na bakteria wa sekamu ndiyo kwanza wanajipanga. Halafu wauzaji wa barabarani wanawauza wakiwa na wiki nne, kwa sababu wakiwa wadogo hivyo ndivyo wanavyovutia. Mtoto anatoka kwa mama yake, anapanda gari, anafika kwenye nyumba yenye watoto wanaombebabeba na kumpa biskuti. Siku chache baadaye napigiwa simu. Kama unanunua, uliza umri, na usikubali chini ya wiki nane hata muuzaji akuapie kwamba anakula mwenyewe.

Kinachowaua wengi katika umri huo ni koksidia, vimelea wa jenasi ya Eimeria. Sungura ana aina 11 zake. Moja inashambulia ini, zilizobaki zinashambulia utumbo. Anayechinja sungura huenda ameshaona madoa meupe kwenye ini bila kujua jina lake, na kazi hiyo ni ya Eimeria stiedae. Mayai ya vimelea hawa yanatoka na kinyesi yakiwa bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji unyevu, hewa na joto kwa siku moja hadi nne ili yakomae. Ndiyo maana ukifagia banda kila siku unakata mzunguko wao, na ndiyo maana masika, banda linapovuja na matandiko yanakaa na unyevu, vifo vya watoto vinaongezeka. Kinyesi laini kinacholiwa moja kwa moja hakimwambukizi upya, kwa kuwa mayai yaliyomo hayajakomaa. Dawa nyingi za kuoshea sakafu haziyatishi mayai hayo. Maji yanayochemka na jua kali ndiyo kiboko yao. Jambo moja la kuwatuliza wenye kuku: koksidia wa kuku hawamwambukizi sungura, wala wa sungura hawamwambukizi kuku, ijapokuwa duka la mifugo linaweza kukuuzia dawa ile ile. Kiasi cha kumpa akuambie daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu. Nyumbani kwetu dawa hazitupwi. Kuna amoksilini iliyobaki mtoto alipougua koo, kuna ampiklox kwenye droo, na mtu akisikia kuharisha anafikiria hizo. Kwa sungura, amoksilini, ampisilini na penisilini zikipita mdomoni, pamoja na linkomaisini na klindamaisini, zinaua bakteria wema wa sekamu na kuwaachia uwanja klostridia, bakteria waovu wanaotoa sumu. Sungura ambaye alikuwa tu na kinyesi laini cha kuzidi anaanza kuharisha maji, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenyewe atasema ugonjwa ulikuwa mkubwa. Nimeshuhudia hata duka la dawa za mifugo likimuuzia mtu poda ya kuku kwa sungura bila kumuuliza swali hata moja, na muuzaji hakuwa na nia mbaya: kuku anawajua, sungura hamjui. Zipo antibiotiki zinazomfaa sungura. Ni za kuandikiwa na anayewajua.

Uji wa mchele nao uache. Kwa mtoto wa binadamu una nafasi yake, kwa sungura ni wanga unaokwenda kuwalisha wale wale klostridia.

Kuna kinyesi ninachokiogopa kuliko cha maji, nacho ni kile kisichokuwepo.

Inaanza taratibu. Punje zinapungua ukubwa, zinakuwa nyeusi na ngumu, nyingine zimechongoka au hazilingani. Siku inayofuata ni chache. Sungura anakuja kwenye chakula, anakinusa, anageuka. Jioni amejikunyata kwenye kona, macho nusu wazi, na ukisogeza sikio unasikia anasaga meno kwa nguvu. Huo ndio utumbo uliosimama. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakina mlango mwingine. Chakula kinakauka tumboni, gesi inajaa, gesi inauma, maumivu yanazidi kuusimamisha utumbo, na mzunguko unajiendesha wenyewe. Sungura mkubwa aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura. Usingoje kesho uone kama ataamka na nafuu. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, kaumbwa kuficha ugonjwa mpaka asiweze tena kuuficha.

Zamani waliofungua tumbo la sungura aliyekufa hivyo walikuta bonge la manyoya, wakasema manyoya ndiyo yaliyomuua. Siku hizi inaeleweka kwamba manyoya huwa yamo kila siku, maana sungura anajilamba muda wote; yanakuwa bonge kwa sababu utumbo umesimama na maji yamenyonywa. Kutokana na imani ile ya zamani ndipo ulipotoka ushauri wa kumnywesha juisi ya nanasi, eti inayeyusha manyoya. Haiyeyushi. Kimeng'enya cha nanasi hakina ubavu wa kuvunja protini ya unywele, na sukari yake inaongeza gesi. Nanasi kula mwenyewe.

Afanye nini basi mtu aliye mbali na daktari, saa mbili usiku? Gusa masikio. Yakiwa ya baridi kuliko kawaida, mwili unapoteza joto: mfunike, muwekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Joto la kawaida la sungura, likipimwa kwa kipimajoto cha nyuma, ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Chini ya 38 hali ni mbaya. Masikio yakiwa ya moto sana na anahema mbio katika mchana wa Januari, hilo ni joto limemzidi, na huyo anahitaji kivuli, upepo na masikio yaliyoloweshwa. Pima tumbo kwa kiganja. Likiwa limekaza kama limejazwa upepo, usimlishe kwa nguvu kwa hali yoyote, kwani utumbo unaweza kuwa umeziba kabisa. Likiwa laini, mpe maji na majani yenye harufu anayoyapenda, giligilani au mnanaa, na mwache ajongee sakafuni badala ya kumfungia kizimbani. Dawa ya maumivu ya binadamu usiguse.

Daktari ataanza na maji ya mwili na dawa ya maumivu, na hapo ndipo utamtambua daktari anayemjua sungura: anayetaka kutuliza maumivu kwanza. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho napenda wenye sungura wakifahamu ili waweze kukiulizia. Ni sukari ya damu. Sungura ambaye utumbo umelegea tu, sukari yake inapanda kidogo. Ambaye utumbo umeziba inaruka juu sana, na ikizidi milimoli 20 kwa lita daktari anaanza kufikiria kuziba na pengine upasuaji. Tone moja la damu linaweza kuamua kama ni wa kulishwa au si wa kulishwa.

Maji ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi nyuma ya punje ndogo kavu. Chupa ya chuchu imeziba, au maji yamepata moto juani na sungura hayataki. Bakuli zito la udongo linamfanya anywe zaidi kuliko chupa, kwa sababu ananywa kwa mkao wake wa asili. Watu wanalalamika kwamba analimwaga. Nunua zito zaidi.

Yapo mengine ambayo ukiyaona hayatakiwi kukunyima usingizi, au angalau si usiku huo huo. Punje zilizoungana kwa nywele, moja ikiburuta nyingine: anapukutisha manyoya, mchane kila siku na uongeze nyasi. Punje mbili zilizogandamana kuwa moja, mara moja moja: mwendo wa utumbo uliyumba kidogo, endelea kutazama. Vijiminyoo vyeupe vyembamba vinavyojisokota juu ya kinyesi kibichi: ni minyoo iitwayo Passalurus, kati ya wanyama wako inamshika sungura tu, na kwa binadamu haina nafasi, dawa ipo. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa karibu na kinyesi mara nyingi ni rangi itokanayo na majani aliyokula, na mkojo mweupe wa ukungu ni kalsiamu ambayo mwili wake huitoa kwa njia hiyo. Lakini jike mtu mzima asiyehasiwa anayetoa damu halisi kwenye mkojo aende kwa daktari, kwa kuwa saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida kwao. Na ute mzito unaong'aa, uwe peke yake au umefunika punje ngumu, huo usiungojee.

Kuna kimoja kinachowachanganya hata wenye uzoefu. Sungura mweupe mwenye mabaka machache tu, labda puani, kuzunguka macho na masikioni, anayetoa punje kubwa kupita kiasi, zisizo na umbo, na nyingine laini, maisha yake yote. Umebadilisha chakula, umempa dawa ya koksidia, hakuna kilichobadilika. Kwa sungura wa madoa kama English Spot, yule aliyerithi jeni ya madoa kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na rangi kidogo namna hiyo, na mara nyingi utumbo wake mpana umetanuka na hausukumi vizuri. Kosa liko kwenye jeni iitwayo KIT, inayohusika na rangi ya manyoya na pia na chembe zinazoupa utumbo mdundo wake. Haponi, bali anatunzwa: nyasi tele, maji, na mwenyewe anayejua kwamba kwake "kawaida" ni hiyo. Wanaozalisha wasiwapandishe wenye madoa kwa wenye madoa, basi.

Ukiamua kupeleka sampuli maabara, kwa mfano TVLA (wakala wa maabara za mifugo) pale Temeke au hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ukiwa Morogoro, chukua kinyesi cha siku hiyo hiyo. Weka punje kumi au zaidi kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kisikae juani, na kama utachelewa kiweke mahali pa baridi. Kukusanya kwa siku tatu mfululizo ni bora, maana vimelea hawatoki kila siku kwa idadi moja. Ukiweza peleka na kinyesi laini, ukieleza kipi ni kipi, kwa sababu mtu wa maabara aliyezoea ng'ombe na kuku anaweza kukiandika kuwa ni uharo. Majibu yakirudi na mayai machache ya koksidia, na sungura wako ni mkubwa, anakula, punje zake ni za duara, muulize daktari kabla ya kukimbilia dawa. Sungura wengi wakubwa wanaishi na idadi ndogo ya vimelea hao bila kuumwa. Anayetakiwa kutibiwa mbio ni mtoto wa wiki sita mwenye mapaja yaliyolowa.